Tarehe Nyuma ya Picha: Maua ya Matembezini kama Chanzo cha Historia, Massachusetts 1852–2008

Tarehe 30 Mei 1868 Wamarekani waliitwa kwa mara ya kwanza, nchi nzima, kwenda kupamba kwa maua makaburi ya askari waliokufa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Siku hiyo picha moja ilipigwa katika makaburi ya Lowell, jimboni Massachusetts. Miti iliyoonekana katika picha hiyo ilikuwa mitupu, haina majani. Picha nyingine ilipigwa mahali pale pale tarehe 30 Mei 2005, na safari hii miti ilikuwa imefunikwa kwa majani mabichi. Abraham Miller-Rushing, Richard Primack na wenzao waliziweka picha hizo mbili sambamba katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006, na tangu hapo imekuwa vigumu kusema kwamba picha za matembezi na maua ni pumbao tu lisilostahili nafasi katika nyaraka.

Hata hivyo, picha mbili si ushahidi wa kutosha. Majira ya machipuko ya mwaka mmoja yanaweza kuwa ya baridi kupita kiasi, na mtafiti mwenye haraka akajenga nadharia nzima juu ya ajali ya hali ya hewa. Kilichoipa picha ya Lowell uzito ni kumbukumbu nyingine zilizoizunguka, na kwa bahati njema jimbo hilo lina kumbukumbu za aina hiyo kwa wingi usio wa kawaida.

Katika mji wa Concord, Henry David Thoreau aliandika siku za kwanza za kuchanua kwa mamia ya mimea kati ya 1852 na 1858. Baada yake alikuja Alfred Hosmer, mwenye duka, aliyefanya kazi hiyo hiyo mwaka 1878 na tena kuanzia 1888 hadi 1902, akifuatilia zaidi ya spishi 600. Hosmer alikuwa pia mpiga picha wa ridhaa. Hakuajiriwa na yeyote kuhesabu maua, wala hapana dalili kwamba alitazamia daftari lake litumike kupima joto la dunia. Mwaka 1899 Herbert Gleason, aliyewahi kuwa mchungaji wa kanisa, alianza kuzunguka mashamba na mabwawa ya Concord na kamera, akitafuta mahali Thoreau alipopataja. Picha zake ziliingia katika toleo la mwaka 1906 la maandishi ya Thoreau, na negativu zake zimehifadhiwa katika maktaba ya umma ya mji huo, nyingi zikiwa na tarehe na jina la mahali.

Tarehe hiyo ndiyo kiini cha jambo. Kamera ya Kodak ya mwaka 1888, iliyouzwa ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake, iliwapa watu wa kawaida uwezo wa kupiga picha bila kujua kemia. Na kamera ya Brownie ya mwaka 1900, kwa bei ya dola 1, iliufikisha uwezo huo hata kwa watoto. Picha za bustani na za matembezi ya Jumapili zikafurika. Lakini wingi huo haukuja na kumbukumbu. Mwaka 1914 Kodak ilileta kamera yenye kidirisha nyuma ambapo mpiga picha aliweza kuandika maneno machache juu ya filamu yenyewe kwa kalamu ya chuma. Mtindo huo ulikoma katika miaka ya 1930. Kwa mwanahistoria, hasara ya kidirisha kile kidogo pengine ni kubwa kuliko faida ya lenzi nyingi bora zilizofuata.

Picha ya ua ina udanganyifu wake pia. Sahani na filamu za awali hazikuhisi rangi nyekundu, hivyo ua jekundu lilitoka jeusi na la buluu likatoka jeupe. Anayetambua spishi kwa rangi ya kijivu atapotea. Zaidi ya hayo, mpiga picha huvutwa na uzuri. Hupiga mti ukiwa umechanua kikamilifu, si siku ua la kwanza lilipofunguka, na hupita bila kutazama magugu na nyasi. Kwa hiyo picha husema tu kwamba kufikia siku fulani mmea ulikuwa umechanua. Inafaa zaidi kwa mimea inayochanua kwa siku chache, na kulinganisha picha hiyo na tarehe ya Thoreau ya ua la kwanza ni kosa la mbinu. Mimea isiyopendeza inabaki bila shahidi, isipokuwa awepo mtu wa aina ya Hosmer mwenye subira ya kuiandika.

Vyanzo hivyo vilipowekwa pamoja, picha ilikuwa wazi. Katika kazi yao ya mwaka 2008, Miller-Rushing na Primack walionyesha kwamba mimea ya kawaida ya Concord ilikuwa ikichanua, kwa wastani, siku 7 mapema kuliko zama za Thoreau. Mwaka huo huo Charles Willis na wenzake walieleza kwamba asilimia 27 ya spishi alizoziona Thoreau zilikuwa zimetoweka mjini humo, na asilimia 36 nyingine zimebaki chache mno. Zilizoathirika zaidi ni zile zisizobadili wakati wa kuchanua kadiri joto linavyopanda.

Afrika Mashariki haina majira ya machipuko. Hapa miti mingi hufuata vuli na masika, na swali la kuuliza ni la mvua zaidi kuliko la joto. Mkusanyo wa mimea iliyokaushwa ulioanzia Amani, Usambara, mwaka 1902, ambao sasa uko Nairobi, unalinda sehemu ya ushahidi. Sehemu nyingine iko katika albamu za familia na mikononi mwa wapiga picha wa bustani za umma: maharusi chini ya mkrismasi mwekundu, wanafunzi katika Bustani ya Uhuru mjakaranda ukiwa nyuma yao. Studio inapofungwa, mara nyingi negativu hutupwa pamoja na samani mbovu. Idara za nyaraka hupokea picha za marais na za madaraja yanayozinduliwa. Fomu zake za upokeaji zingeweza, kwa gharama ya mistari miwili, kuuliza pia picha ya harusi ilipigwa siku gani, na chini ya mti gani.