Bustani ya Michuki: Kingo za Mto Nairobi Zilizorudishiwa Wananchi

Bustani ya Ukumbusho ya John Michuki iko kando ya Mto Nairobi, kati ya mzunguko wa Globe na Museum Hill, mwendo mfupi kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Ni eneo la wazi lenye miti, nyasi na njia za kutembelea zinazoufuata mto. Mwananchi anayeitembelea hupata mahali pa kupumzika, na pia huona kwa macho yake jinsi mto uliochafuliwa kwa miaka mingi unavyoweza kurejeshewa kingo zake.

Historia fupi

Awali eneo hili lilijulikana kama Bustani ya Mazingira. Lilipewa jina la marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira tangu 2008 hadi alipofariki Februari 2012, na ambaye aliongoza juhudi za kuusafisha Mto Nairobi. Hata hivyo, baadaye bustani iliachwa bila matunzo, takataka zikarundikana na shughuli za biashara zikaingia. Mwaka 2020 ilikarabatiwa upya na Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS), kisha ikafunguliwa tena kwa umma. Hivyo basi, bustani hii ilihitaji kuokolewa mara mbili. Usafi wa siku moja, pasipo ulinzi wa kila siku, haudumu.

Safari ya mto

Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mto huu huanzia katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Ukishapita bustanini huendelea kuelekea mashariki ya jiji, ikiwemo Gikomba na Dandora, kabla ya kuungana na Mto Athi. Maji hayo hatimaye hufika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi kupitia Mto Sabaki. Kwa sababu hiyo, taka inayotupwa mtoni Nairobi ni mzigo kwa mkulima wa bonde la Athi na kwa mvuvi wa pwani. Vilevile, bustani haiwezi kuwa safi kuliko maji yanayoingia kutoka juu yake.

Sheria ya kingo za mito

Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zinakataza kilimo na ujenzi kandokando ya mto, kwa umbali usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kutegemea kimo cha juu cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Umuhimu wa nafasi hiyo ulidhihirika mwaka 2024, wakati mafuriko ya msimu wa masika yalipoangamiza maisha na kubomoa makazi yaliyokuwa karibu na mito ya Nairobi. Pale ambapo ukingo una miti na nyasi, maji hupata mahali pa kutawanyika, kasi yake hupungua na udongo hushikiliwa na mizizi. Aidha, kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama.

Mwongozo kwa wageni

Wanaotumia matatu za Barabara ya Thika wanaweza kuteremka Ngara na kumalizia safari kwa miguu. Wageni wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Kuthibitisha saa za kufunguliwa, hasa kwa makundi ya wanafunzi na sherehe.
- Kutobeba mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchini tangu 28 Agosti 2017, na kuondoka na chupa zao.
- Kutokunywa maji ya mto wala kuwaruhusu watoto kuyachezea.
- Kujiepusha na ukingo wa mto wakati wa mvua kubwa, kwa kuwa maji hupanda ghafla hata mvua ikinyesha mbali.
- Kutokata matawi wala kung'oa miche.

Wananchi wanaoishi au kufanya biashara karibu na vijito vya mto huu wanakumbushwa kutoelekeza majitaka humo. Kila mfereji unaozibwa kwa wakati huko juu huipunguzia bustani mzigo wa taka, na huwaachia walio chini ya mto maji yenye nafuu.