Kiwambo cha matangazo hutegemea saa ya pleya

ANAYEINGIA benki, hospitali au duka kubwa mjini Machakos huenda akakutana na kiwambo kipana ukutani kinachomweleza ada, saa za huduma au zamu yake katika foleni. Kazi hiyo zamani ilifanywa na ubao na chaki. Ubao ulikuwa na sifa moja njema: tangazo lilipopitwa na wakati, karani alilifuta kwa kitambaa na kuandika jingine.

Kiwambo hakifutiki hivyo. Mgonjwa aliyetoka Mwala au Masinga kwa matatu akisoma kwamba kliniki yake ni Jumanne, ilhali imehamishiwa Alhamisi, atakuwa amepoteza nauli na siku nzima. Mara nyingi kosa la aina hii halitokani na kiwambo chenyewe. Hutokana na kisanduku kidogo kilicho nyuma yake, ambacho mafundi hukiita pleya, na namna kilivyoandaliwa.

Pleya si king'amuzi

Wakenya wengi walizoea visanduku vya ving'amuzi mwaka wa 2015, mitambo ya runinga ya analogi ilipozimwa. Pleya ni kitu tofauti. King'amuzi hupokea matangazo yanayopeperushwa na kituo cha runinga wakati huo huo. Pleya ni tarakilishi ndogo inayohifadhi picha, video na maandishi ndani yake, kisha kuyaonyesha kwa kufuata ratiba iliyowekwa na mwenyewe. Huunganishwa na kiwambo kwa waya wa HDMI.

Baadhi ya pleya hutengenezwa mahususi kwa kazi hii. Nyingine huundwa kwa kutumia tarakilishi za bei nafuu kama Raspberry Pi, iliyoingia sokoni mwaka wa 2012, pamoja na programu ya kupanga matangazo.

Saa kwanza

Jambo la kwanza la kuweka sawa ni saa, kwa kuwa ratiba yote huitegemea. Pleya nyingi hutoka kiwandani zikifuata majira ya Greenwich, ambayo yako nyuma ya majira ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Zikiachwa hivyo, tangazo lililokusudiwa saa mbili asubuhi litaonekana saa tano. Katika orodha ya majira, fundi anapaswa kuchagua Africa/Nairobi.

Mtego wa pili umo katika lugha. Mwenye duka akiomba tangazo lake lionyeshwe kuanzia saa mbili hadi saa kumi, ana maana ya asubuhi hadi alasiri. Pleya hufuata hesabu ya saa 24, hivyo fundi hana budi kuandika 08:00 hadi 16:00. Akiandika 02:00 hadi 10:00, tangazo litaanza usiku wa manane na kutoweka saa nne asubuhi, wateja wakiwa ndio kwanza wanaingia. Ni busara ratiba iandikwe kwa hesabu zote mbili na kutiwa saini na mwenye tangazo kabla ya kuingizwa.

Kila tangazo lipewe pia tarehe ya mwisho. Lisilo na tarehe hiyo litaendelea kuonyeshwa hata baada ya habari yake kubadilika.

Umeme unapopotea

Mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi. Hata bila tukio kubwa kama hilo, kupotea kwa umeme si jambo geni, na pleya inapaswa kuandaliwa ikitarajia hali hiyo.

Raspberry Pi za awali, hadi toleo la nne, hazina saa inayoendelea kwenda umeme ukizimika. Zikiwaka tena bila mtandao, huendelea na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Umeme ukipotea kwa saa sita, pleya itachelewa kwa saa sita, na ratiba yote itateleza. Toleo la tano, lililotoka mwaka wa 2023, lina saa hiyo, lakini betri yake huunganishwa kando. Kwa matoleo ya awali, fundi anaweza kuongeza kifaa kidogo cha saa chenye betri, na kuiwezesha pleya kujirekebishia saa kupitia intaneti kila inapopata mtandao.

Kukatika kwa umeme ghafla huweza pia kuharibu kadi ya kumbukumbu. Kifaa cha UPS huipa pleya muda wa kujizima kwa utaratibu. Isisahaulike kwamba baadhi ya runinga za nyumbani haziwaki zenyewe umeme unaporejea. Pleya itakuwa ikifanya kazi mbele ya kiwambo cheusi.

Mtandao na gharama yake

Video yenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, ikivutwa moja kwa moja kutoka intaneti, hutumia gigabaiti 3.6 kwa saa. Kwa siku ya saa 12 hiyo ni zaidi ya gigabaiti 43. Video ya sekunde 30 ya kasi hiyo ikipakuliwa mara moja na kuhifadhiwa ndani ya pleya, hugharimu megabaiti 30 pekee, hata ikichezwa mara elfu. Kwa hivyo pleya iagizwe kupakua kwanza, kisha kuonyesha. Mtandao ukikatika, matangazo yaliyomo yataendelea bila kukwama.

Maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani yabadilishwe siku ya kwanza. Anayeyajua anaweza kuweka chochote mbele ya umma.

Lugha na sheria

Machakos ni nyumbani kwa Wakamba, na matangazo mengine huandikwa kwa lugha yao. Kikamba hutumia herufi ĩ na ũ. Fonti isiyo na herufi hizo huweka visanduku vitupu mahali pake. Ni vyema neno Kĩkamba lenyewe liandikwe kwenye kiwambo kama jaribio kabla ya kazi kuanza. Maandishi yakaguliwe kutoka mahali anaposimama msomaji wa mwisho kwenye foleni, wala si mezani pa fundi.

Hospitali na ofisi za umma ziite watu kwa nambari badala ya majina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huihesabu hali ya afya ya mtu kuwa habari nyeti. Jina lake likiandikwa kando ya jina la kliniki, kila aliye ukumbini atajua ugonjwa wake.

Kiwambo kinachoelekea barabarani kina masharti zaidi, kwani Katiba ya mwaka wa 2010 iliziachia serikali za kaunti jukumu la kudhibiti matangazo ya nje. Nayo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 inapiga marufuku matangazo ya bidhaa hizo.

Jaribio la mwisho

Kabla ya kukabidhi kazi, fundi achomoe waya wa intaneti, kisha azime umeme na kuuwasha baada ya saa moja. Kiwambo kikiwaka chenyewe, kikaonyesha saa sahihi na tangazo linalostahili saa hiyo, pleya iko tayari. Kisha ateuliwe mtu mmoja, kwa jina, wa kukisoma kiwambo kila asubuhi na kuondoa lililopitwa na wakati, kama alivyofanya karani wa ubao na kitambaa chake.