Jalada Lisilomfuata Mwalimu: Historia ya Usimamizi wa Nidhamu ya Walimu Arua na Koboko, 1918–2020

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali nchini Uganda yumo chini ya mamlaka tatu kwa wakati mmoja. Wilaya ndiyo inayomwajiri, mamlaka ya taifa ndiyo inayomsajili katika taaluma, na kosa lake likifikia kiwango cha jinai, polisi na mahakama ndio wenye kauli. Makala haya yanafuatilia chimbuko la mgawanyo huo kwa kuangalia Arua na Koboko, katika eneo la West Nile. Hoja yake ni kwamba, kwa muda wa karne moja, uwezo wa kumwadhibu mwalimu umepita mkono hadi mkono bila utaratibu thabiti wa kuhamisha kumbukumbu za makosa. Anayeumizwa na pengo hilo ni mtoto.

Kutoka misheni hadi wizara

West Nile iliwekwa chini ya utawala wa Uganda mwaka 1914. Mwaka 1918 wamisionari wa Africa Inland Mission walianza kazi Arua, na Wakatoliki wa shirika la Verona nao wakajenga vituo vyao katika eneo hilo. Shule zilikuwa mali ya misheni, na msimamizi wa misheni ndiye aliyeajiri na kufukuza. Idara ya Elimu ya kikoloni iliundwa mwaka 1925, ikatoa ruzuku na kutuma wakaguzi. Hata hivyo, nidhamu ya mwalimu iliendelea kuwa jambo la kanisa, na mwenendo wake ulipimwa kwa kipimo cha muumini kabla ya kile cha mtumishi wa umma.

Baada ya uhuru wa 1962, sheria ya elimu ya 1963 iliziweka shule zilizopata ruzuku chini ya usimamizi wa serikali. Mwalimu akawa mtumishi wa taifa, na hatimaye masuala ya ajira na nidhamu yake yakawa chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu yenye makao Kampala. Faida ilikuwa kuwapo kwa kipimo kimoja nchi nzima. Hasara ilikuwa umbali: mzazi wa Koboko, karibu na mpaka wa Sudan na Kongo, hakuwa na njia rahisi ya kuifikia tume hiyo.

Vita vilikatiza hata utaratibu huo. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979 na mapigano ya Oktoba 1980, wakazi wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Sudan na Zaire. Mwezi Juni 1981 askari wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, jirani na mji wa Arua. Watu waliorejea katika miaka iliyofuata walikuwa na sababu ya kusita kupeleka malalamiko yoyote mbele ya dola.

Kutoka wizara hadi wilaya

Katiba ya 1995 ilikigawa kile kilichokuwa kimoja. Tume ya Utumishi wa Elimu, iliyoundwa na ibara ya 167, ilibaki na walimu walio chini ya serikali kuu, hasa wa sekondari na vyuo. Ibara ya 200 iliipa Tume ya Utumishi ya kila wilaya uwezo wa kuajiri na kuadhibu watumishi wa wilaya, wakiwemo walimu wa shule za msingi. Mwaka 1997 Elimu ya Msingi kwa Wote ilianza, na madarasa yakafurika. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba asilimia 27 ya walimu wa shule za msingi nchini Uganda hawakuwepo shuleni siku wakaguzi walipofika bila taarifa.

Wilaya zenyewe hazikutulia. Yumbe ilitengwa na Arua mwaka 2000, Koboko mwaka 2005, na Maracha baadaye. Madi-Okollo ilifuata mwaka 2019, kisha Terego na Jiji la Arua mwaka 2020. Kila mpaka mpya ulimaanisha mwajiri mpya. Adhabu inayotolewa na tume ya wilaya moja humwondoa mwalimu katika ajira ya wilaya hiyo, lakini ndani ya eneo lililokuwa wilaya moja hapo zamani, sasa wapo waajiri kadhaa. Mwalimu anayejiuzulu kabla ya shauri lake kusikilizwa anaweza kuomba kazi ng'ambo ya mpaka. Sheria ya Elimu ya 2008 iliruhusu jina kufutwa katika rejista ya walimu, lakini rejista ilikuwa mikononi mwa wizara, na uamuzi wa nidhamu ulikuwa mikononi mwa wilaya.

Katika makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko, na Rhino Camp, lililokuwa sehemu ya Arua, pengo ni pana zaidi. Huko baadhi ya walimu huajiriwa kwa mikataba na mashirika yasiyo ya serikali, hivyo Tume ya Utumishi ya Wilaya si mwajiri wao.

Wingi wa sheria na lugha ya lalamiko

Upungufu huu hautokani na uhaba wa sheria. Marekebisho ya Kanuni ya Adhabu ya 2007 yalifanya unajisi unaotendwa na mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto kuwa kosa zito linaloweza kuadhibiwa kwa kifo. Kanuni za Maadili ya Taaluma ya Ualimu zilitangazwa mwaka 2012, na mwongozo wa kuripoti ukatili shuleni mwaka 2014. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni.

Nyaraka hizo zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Arua husimulia lililompata kwa Kilugbara, na wa Koboko kwa Kikakwa. Maneno yake hufika kwenye tume yakiwa tafsiri ya mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mwalimu mkuu, mwenzake mshtakiwa kazini. Neno la staha linaloficha tendo likiingia katika jalada, kosa la jinai hugeuka kuwa utovu wa adabu.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa kusogeza mamlaka karibu na mwananchi hakutoshi. Mambo matatu yanahitajika. Kwanza, shauri la nidhamu liendelee hadi mwisho hata mwalimu akijiuzulu, na uamuzi upelekwe moja kwa moja kwenye rejista ya taifa; Baraza la Walimu lililopendekezwa katika Sera ya Walimu ya 2019 lingefaa kupewa jukumu hilo. Pili, maelezo ya mtoto yahifadhiwe katika lugha aliyoyatoa, pamoja na tafsiri, ili mtoto na mwalimu anayetuhumiwa wote wapate haki ya kusikilizwa sawasawa. Tatu, walimu wa makazi ya wakimbizi waingizwe katika rejista hiyo hiyo. Bila hayo, kumhamisha mwalimu kutaendelea kuhesabiwa kuwa adhabu, na shule inayompokea haitajua inampokea nani.