Kamera ndogo, picha za kamera kubwa: Mambo ya kuzingatia

MNUNUZI anayezuru maduka ya vifaa vya elektroniki katika barabara za Moi na Luthuli jijini Nairobi aghalabu huonyeshwa kwanza idadi ya megapikseli iliyoandikwa kwenye kasha. Idadi hiyo pekee haitoshi kupima ubora wa picha.

Nguvu ya kamera kubwa zinazobadilishwa lenzi imo katika ukubwa wa kihisi, yaani kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Nyingi zina kihisi cha takriban milimita 23.5 kwa 15.6, ilhali kamera nyingi za mfukoni za bei nafuu zina cha milimita 6.2 kwa 4.6. Eneo la kwanza ni karibu mara 13 ya la pili.

Mchana wa jua kali katika bustani ya Arboretum, tofauti hiyo haionekani sana. Hujitokeza jioni, kwani Nairobi imo karibu na ikweta na giza huingia upesi. Mpiga picha za arusi mtaani Westlands au Lavington anayetegemea kihisi kidogo huambulia picha zenye chengachenga, na huenda akampoteza mteja.

Lenzi nayo ina uzito wake. Kadiri nambari ya tundu ilivyo ndogo ndivyo mwanga unavyoingia kwa wingi: f/2 hupitisha mwanga mara nane ya f/5.6.

Miongoni mwa kamera ndogo zenye kihisi cha kadiri ya kamera kubwa ni Ricoh GR III ya mwaka 2019 na Fujifilm X100VI ya mwaka 2024. Hata hivyo, lenzi zake hazivuti vitu vya mbali, hivyo hazimfai anayepiga picha za kandanda au ndege. Sony RX100, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, huvuta, lakini eneo la kihisi chake ni takriban thuluthi moja tu ya hizo mbili.

Kabla ya kulipa, mnunuzi apige picha kivulini bila flashi, kisha aikuze kwenye skrini. Kwa kamera iliyokwisha kutumika, apige picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo. Madoa meusi huashiria vumbi kwenye kihisi, na lenzi isiyotoka hufanya usafishaji kuwa mgumu.

Aidha, ahakikishe kuwa nambari ya kamera inalingana na ya kwenye kasha na risiti.