Nadharia ya nyuzi: ni uzi gani huo?

Ukisikia nadharia ya nyuzi, uweke kando uzi wa cherehani, ufikirie uzi wa udi: umekazwa, ukiguswa unatetema, na uzi mmoja hutoa sauti zaidi ya moja. Ndivyo wanafizikia wanavyodai kuhusu elektroni, fotoni na kwaki, kwamba kila chembe ni namna mojawapo ya uzi uleule kutetema. Anayependekeza “kamba” anaharibu, kwa kuwa kamba husokotwa kwa vitu vingine, na uzi huu haukusokotwa kwa chochote.

Mfano wa udi nao una mwisho wake. Uzi wa udi ukizidi kuvutwa, mkazo hupanda. Wa nadharia hii ukirefuka, mkazo hubaki palepale. Kinachopanda ni nishati, urefu ukiwa mara mbili nayo inakuwa mara mbili. Ncha zake zisiposhikiliwa popote hukimbia kwa kasi ya mwanga. Kwa kawaida nyuzi hizi hukadiriwa kuwa na ukubwa unaokaribia urefu wa Planck: sufuri 34 baada ya nukta ya desimali, ndipo tarakimu ya kwanza, kwa kipimo cha mita. Hakuna mtambo uliokaribia kupima hapo.

Nimeandika “mkazo” kwa makusudi. Wapo watakaosema “mvutano”, lakini mwanafunzi aliyepita shule ya msingi anaijua kani ya mvutano kuwa ndiyo inayoangusha embe, na somo hili lina vyote viwili, pengine katika ukurasa mmoja.

Ziko nyuzi zenye ncha mbili na ziko zilizojipinda zikawa duara. Sarufi imeshatupa maneno: tuna silabi funge, basi tuwe na uzi funge. Mwenza wa silabi funge ni silabi huru, ila “uzi huru” tusiukubali, kwani mwanafizikia atadhani ni uzi usioathiriana na nyuzi nyingine. Uzi wazi unatosha. Mtetemo mmoja wa uzi wazi hutoa chembe isiyo na masi inayofanana na fotoni. Uzi funge hutoa gravitoni, chembe inayobeba kani ya mvutano.

Gravitoni hiyo iliwasumbua wanafizikia kwanza. Mwaka 1968 Gabriele Veneziano alikuwa anatafuta fomula ya kani kali ya ndani ya kiini cha atomu, akaikuta katika hesabu za Euler za karne ya 18. Nyuzi hazikutajwa. Nambu, Nielsen na Susskind ndio waliotambua, kufikia 1970, kwamba fomula ile inaeleza nyuzi zinazotetema. Chembe ya ziada iliyojitokeza humo ilionekana kasoro mpaka 1974, Scherk na Schwarz, na Yoneya kwa upande wake, walipoonyesha kuwa ina tabia za gravitoni. Kumbe nadharia ilikuwa inaeleza kani nyingine, ile ya mvutano.

Limebaki “supa”, la jina la Kiingereza “superstrings”. Nimeona “nyuzi kuu”, nami siipendi, maana msomaji atafikiri ni nene. Supa hapa imetoka kwenye supasimetria, ulinganifu unaooanisha chembe za maada na chembe za kani, na ndio uliopunguza vipimo vinavyohitajika kutoka 26 hadi 10: tisa vya nafasi, kimoja cha wakati. Afadhali “nyuzi za supasimetria”, hata kama ni refu.