Nguzo za Barrio Logan

Asubuhi ya tarehe 22 Aprili 1970, mwanafunzi wa chuo aitwaye Mario Solís alipita chini ya daraja la Coronado mjini San Diego, Marekani, akakuta matingatinga yakisawazisha ardhi. Wakazi wa Barrio Logan walikuwa wameahidiwa bustani mahali hapo. Alipouliza kinachojengwa, aliambiwa ni kituo cha polisi wa barabara kuu. Solís akatoka mbio kupeleka habari chuoni na mtaani. Siku hiyohiyo watu walimiminika, wanafunzi, wazee na kina mama na watoto wao, wakashikana mikono kuyazunguka matingatinga.

Hasira hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Barrio Logan ni mtaa wa Wamarekani wenye asili ya Mexico, ambao wengi wao hujiita Wachicano. Zamani wakazi walishuka ufukweni bila kizuizi, mpaka jeshi la majini na viwanda vilipowazibia njia. Miaka ya 1950 jiji lilibadilisha matumizi ya ardhi, yadi za magari chakavu zikazagaa katikati ya nyumba za watu. Mwaka 1963 barabara kuu namba 5 iliupasua mtaa vipande viwili. Mwaka 1969 likafunguliwa daraja, na msitu wa nguzo za zege ukawa umesimama palipokuwa na makazi.

Watu waliishikilia ardhi ile kwa siku 12. Walilima, wakapanda maua na dungusi, wakapika na kula pamoja, hadi serikali ilipokubali kuwaachia. Hapo ndipo ilipozaliwa Chicano Park, na pamoja nayo kamati ya wakazi ya kuisimamia.

Msanii Salvador Torres, mtoto wa mtaa huo, aliziona nguzo zile kwa jicho jingine. Alitaka zichorwe. Lakini zilikuwa mali ya serikali, na kibali kilihitaji mazungumzo marefu. Rangi ilianza kupakwa mwezi Machi 1973.

Zege si turubai. Lina vinyweleo, hunyonya rangi, na vumbi la magari hulishika. Kwa hiyo nyuso zake zilisuguliwa, zikaoshwa kwa asidi, kisha zikapakwa praima kabla ya mchoro wenyewe. Siku ya kwanza wakazi walialikwa kushika brashi, nao wakaja kwa wingi, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akapaka alivyojua. Baadaye wasanii waliratibu kazi kwa michoro iliyopangwa mapema, na Victor Ochoa akaalika wenzake kutoka miji mingine, wakiwemo wa Sacramento na Los Angeles. Miungu ya Waazteki, mashujaa wa mapinduzi ya Mexico na wakulima waliogoma mashambani California wakaanza kuonekana kwenye nguzo.

Kilichochorwa kilitoka katika maisha ya wachoraji na majirani zao. Mchoro mmoja wa mwaka 1977 unawaonyesha wakazi wakiandamana kuzipinga zile yadi za magari chakavu. Michoro mingine ilibeba dai la kuipanua bustani hadi baharini, na baada ya miaka mingi ya kudai, mtaa ukapata bustani ya ufukweni, ambayo leo inaitwa Cesar Chavez Park.

Mtihani mwingine ulikuja miaka ya 1990. Wahandisi walitaka kuziimarisha nguzo ili zistahimili matetemeko ya ardhi, kazi ambayo ingeweza kuifuta michoro. Wakazi walisimama kidete, ikatafutwa njia ya kuimarisha daraja bila kuiharibu. Kuanzia mwaka 2011 idara ya uchukuzi ya jimbo, ambayo ndiyo inayolimiliki daraja, ilisimamia ukarabati wa michoro, na baadhi ya wasanii wa miaka ya 1970 wakarudi kupaka upya kazi za mikono yao. Mwishoni mwa mwaka 2016 bustani ikatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Anayetaka kuchora Chicano Park leo hupeleka kwanza mchoro wake wa awali mbele ya kamati, maana uamuzi wa nini kichorwe kwenye nguzo umebaki mikononi mwa mtaa tangu mwanzo. Michoro sasa imepita 80. Na kila mwezi Aprili watu hukusanyika chini ya daraja kwa ngoma, chakula na hotuba, kuadhimisha siku matingatinga yalipozuiwa.