Oili ya injini: Namba za kopo na majibu ya maabara yanasema nini?

Fundi akichomoa kijiti na kukuta oili nyeusi tii, wengi husema palepale: “Hii imekufa, mwaga.” Lakini rangi pekee haitoshi. Oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu inabeba masizi na uchafu. Na inayoonekana safi inaweza kuwa tayari imechanganyika na petroli.

Ukikosea hapa, gharama yake ni injini nzima.

Namba za kopo

Kwenye 5W-30, namba ya kwanza inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi. W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto, kipimo kikichukuliwa kwenye nyuzi joto 100. Kwa hiyo 40 ni nzito kuliko 30.

Gari likianza kula oili, wapo wanaokimbilia 20W-50. Tahadhari: injini nyingi za kisasa zina njia nyembamba za oili. Oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi, na ringi zilizokwisha haizitengenezi. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Herufi za API

S ni ya injini za petroli, C ni ya diseli. Kwa petroli, herufi inayofuata ikisogea mbele kwenye alfabeti, kiwango ni kipya zaidi: SP ilianza kutumika mwaka 2020, baada ya SN ya 2010.

Kwa pikipiki, tafuta alama ya JASO MA au MA2. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, hivyo baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Kusoma ripoti ya maabara

Wenye malori, mabasi na majenereta hupeleka oili iliyotumika maabara. Madini hupimwa kwa ppm, yaani sehemu ngapi katika milioni moja.

• Chuma: silinda, kranki au kemu zinalika.
• Alumini: mara nyingi ni pistoni.
• Shaba na risasi: angalia beringi.
• Silikoni: vumbi limeingia, au ni gundi ya gasketi kama injini imefunguliwa karibuni.
• Sodiamu na potasiamu zikipanda pamoja: huenda kulanti inavuja ndani. Kagua hedi gasketi.
• Uzito kushuka: huenda mafuta ya gari yanaingia kwenye oili. Ukipanda, ni masizi au oili imeungua.
• TBN: akiba ya nguvu ya kupambana na asidi. Ikishuka sana, muda wa kubadili umefika.

Usiangalie ripoti moja

Tuseme chuma kilikuwa 18, kikawa 21, halafu ghafla 65, na silikoni imepanda pia, huku kilomita za kila oili zikiwa zilezile. Hapo injini inakula vumbi. Dawa yake inaweza kuwa eaklina mpya au kubadili bomba la hewa lililopasuka, kazi ndogo kabisa. Ukiacha, mchanga ule unaendelea kusaga silinda mpaka injini ifunguliwe.

Ndiyo maana ripoti mbili tatu zina maana kuliko moja. Injini mpya nayo hutoa madini mengi mwanzoni, na hiyo ni kawaida.

Kuchukua sampuli

Injini iwe ya moto. Unapomwaga, acha ya kwanza ipite, kinga ya katikati kwenye chupa safi na kavu. Andika aina ya oili, kilomita za injini na kilomita ilizotembea oili hiyo. Bila namba hizo, hata maabara bora itabaki kukisia.